Gari Lililobebwa: Habari za Uchukuzi katika Bonde la Mkondoa

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa reli ya zamani ya kati, akiisha kuupita uwanda wa Mkata na mashamba ya mkonge ya Kimamba, na baada ya kupumzika kitambo katika stesheni ya Kilosa, huona milima ya Usagara ikimsogelea kwa pande zote mbili, na mto Mkondoa ukifuatana naye ubavuni kama mwenyeji amsindikizaye mgeni, hata afike katika stesheni ndogo iitwayo Munisagara. Hapana bandari hapo wala ghala kubwa, na asiyejua habari za mahali hapo huenda asiinue hata kichwa dirishani. Walakini katika bonde hilo jembamba, tangu zama za misafara ya pembe hata zama zetu za umeme, karibu kila kitu kilichotoka pwani kwenda bara kwa njia hii, na kila kilichotoka bara kushuka pwani, kilipita mbele ya macho ya wenyeji wake. Nia yangu katika insha hii ni kueleza sehemu moja tu ya mapito hayo, nayo ni habari ya magari: jinsi magari yalivyosafirishwa kufika huku kutoka nchi za mbali, na hasa kutoka katika miji ile ya katikati ya Marekani, Detroit na Chicago na jirani zake, ambayo kwayo ulimwengu ulijifunza kutumia motokaa. Maana nimeona ya kuwa watu husimulia sana gari lilivyotubeba sisi, na ni nadra kusimulia ni nani aliyelibeba gari.

Kwa asili nchi hii haikuwa na gari la namna yoyote, wala upungufu huo haukutokana na uzembe wa watu. Mnyama akokotaye gari, awe ng'ombe au farasi, hakuweza kuishi katika pori la mbung'o lililotanda kati ya pwani na milima, na punda mwenyewe, aliye mstahamilivu kuliko wenziwe, aghalabu alianguka njiani kabla ya kuumaliza uwanda wa Mkata, ambao wakati wa masika hugeuka ziwa la matope. Kwa sababu hiyo mzigo wote wa tijara ulikaa juu ya kichwa na bega la mwanadamu. Mpagazi mmoja alichukua frasila 2 hivi, yaani kama kilo 32, juu ya hizo akaongeza mkeka wake, kibuyu chake, sufuria yake na posho yake, akamfuata kirangozi wa msafara kwa miezi. Bidhaa iliyokuwa na thamani kuliko nyingine katika mizigo hiyo ilikuwa nguo nyeupe ya pamba ambayo hata leo wazee wa pwani huiita merikani, kwa kuwa viwanda vilivyoifuma mwanzoni vilikuwa Marekani. Basi nchi ile ilijulikana kwetu kwa kitambaa chake zamani sana kabla ya kujulikana kwa injini yake.

Gurudumu la Kimarekani nalo lilifika Usagara mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alipokuwa akijitayarisha kwenda bara kumtafuta David Livingstone, alitengenezesha mkokoteni mwembamba, urefu wake futi 5 na upana wake inchi 18, ili upate kupenya katika vijia vilivyokanyagwa na mbuzi, akautia magurudumu mawili yaliyotolewa katika gari jepesi la Kimarekani. Hesabu yake ilikuwa nyepesi kueleweka: ikiwa punda huchukua frasila 4 mgongoni, basi akifungwa katika mkokoteni atakokota frasila 8, na kazi ya wapagazi wanne itafanywa na mnyama mmoja. Lakini hesabu ya karatasini haikuwa na matope wala mizizi wala vilima. Mkokoteni ulikwama, ukachelewesha watu, ukachosha mnyama na mwanadamu sawasawa, hata siku moja, katika safari ile ya kuingia Usagara, Stanley akaona jambo ambalo lilimkatisha tamaa kabisa: mpagazi mmoja alikuwa anakuja njiani na mkokoteni mzima umekaa juu ya kichwa chake, magurudumu na ekseli na mikono yake yote, kwa kuwa alikwisha kupima mwenyewe akaona kuubeba ni rahisi kuliko kuuvuta. Mkokoteni ule ukasukumwa ndani ya matete kando ya njia, ukaachwa huko huko, na msafara ukaendelea.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila nikiisoma humfikiri yule mpagazi. Watu wengine huichukua kuwa ni kichekesho, kana kwamba mtu huyo hakujua gurudumu ni kitu gani. Mimi naiona ni hukumu ya fundi aliyeijua njia yake. Alilitazama gari, akaitazama ardhi, akajua ya kuwa pasipo barabara gari si chombo bali ni mzigo kama mizigo mingine, akaupa mzigo huo mahali panapostahili mizigo. Na hukumu hiyo, kama tutakavyoona, ilibaki kuwa ya kweli katika bonde hili muda mrefu baada ya yeye kufa.

Waliokuja nyuma walijaribu kwa njia nyingine. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alipima njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa akarudi na matumaini, lakini mwaka uliofuata, magari yalipokwenda kwa dhati, ng'ombe waliteketea. Mwaka 1879, kwa gharama ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ndovu 4 waliofunzwa kazi waliletwa kutoka Bara Hindi wakateremshwa Msasani, wakapandishwa hata Mpwapwa wakiwa na mizigo, na shauri hilo nalo halikudumu. Kisha mwaka 1907, tarehe 10 Agosti, Luteni Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam katika motokaa aliyoundiwa Ujerumani, akashika njia ya bara kwa Morogoro na Mpwapwa, akakusudia kulivuka bara zima la Afrika hadi bahari ya magharibi. Alifika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, na jina lake likaandikwa katika vitabu kuwa ndiye wa kwanza kulivuka bara kwa motokaa. Ni haki yake. Lakini petroli aliyoitumia ilikuwa imetangulizwa mbele yake ikawekwa akiba vituo kwa vituo, na penye mchanga, penye mito na penye magenge, ni kamba na mikono ya watu iliyoivuta motokaa ile, nao majina yao hayakuandikwa pamoja na lake.

Wakati huo nchi ilikuwa imekwisha kubadilika mikono. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters na wenziwe walipita Usagara wakiwatilisha watawala saini katika hati za Kijerumani ambazo waliotia saini hawakuweza kuzisoma, na mmoja wa watawala hao ameandikwa katika hati hizo kwa jina la Muinin Sagara. Sikio la Mswahili halikosi kusikia ndani yake neno mwinyi, yaani bwana au mwenye mji, na ndilo jina ambalo hata leo limebaki katika kibao cha stesheni yetu. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akatoa hati ya himaya juu ya nchi hizo. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1905, reli ikaanza kujengwa kutoka Dar es Salaam, upana wake mita moja. Ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikalishika bonde la Mkondoa kwa kuwa mto ulikuwa umekwisha kukata mlango katika milima ambao hapana mhandisi angaliweza kuukata kwa gharama nafuu, ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Njia iliyoelekezwa na maji haikosi kudaiwa na maji, na tangu siku hiyo Mkondoa umekuwa ukitoza reli hongo yake kila masika yanapozidi, kama walivyotoza zamani wenye nchi kwa kila msafara uliopita.

Shehena iliyo ya ajabu kuliko zote zilizopita Munisagara katika siku hizo za mwanzo ilikuwa meli nzima. Meli iitwayo Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa tena vipande vipande, ikatiwa katika makasha 5,000 hivi, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapakiwa katika mabehewa na kupandishwa hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kuingizwa ziwani mwezi Februari mwaka 1915. Leo watu huijua kwa jina la Liemba. Wenyeji wa bonde hili waliokaa kando ya reli walikuwa wameona mizigo ya kila namna, lakini sidhani kama yupo aliyejua ya kuwa katika makasha yale mlikuwa na chombo cha kuelea, kikipita juu ya chuma mbele ya milango yao, umbali wa mamia ya kilomita kutoka maji yatakayokibeba.

Vita Vikuu vya kwanza vikaja, na mwezi Agosti mwaka 1916 majeshi ya upande wa Waingereza chini ya Jenerali van Deventer, yaliyoteremka kutoka upande wa Dodoma kwa kulifuata bonde hili hili, yakaingia Kilosa. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja ya reli moja baada ya jingine, na kwa muda hapakuwa na injini nzito iliyoweza kupita. Hapo ndipo palipofanyika jambo ambalo mtu akisimuliwa huenda asisadiki: madaraja yalitengenezwa kwa kiasi cha kustahimili uzito mdogo tu, kisha malori yakavuliwa magurudumu yake ya mpira, yakavikwa magurudumu ya chuma, yakawekwa juu ya reli, yakawa ndiyo treni. Motokaa ikajifunza kwenda katika njia ya gari la moshi kwa kuwa hapakuwa na njia yake. Katika vita hivyo hivyo magari mepesi ya Ford, uzao wa Detroit, yalipendwa kwa kuwa yalipita mahali malori mazito yalipozama; lakini pale Ford nayo ilipozama, napo palikuwa pengi, jeshi lilirudi kwa mpagazi. Wachukuzi walioandikishwa na pande zote mbili walihesabika kwa malaki, na waliokufa kwa maradhi, njaa na uchovu walikuwa makumi ya maelfu.

Baada ya vita, chini ya utawala wa Waingereza, motokaa iliacha kuwa ajabu ikawa bidhaa, na hapa inafaa tuifuate safari yake kwa utaratibu. Detroit ni mji ulio mbali na bahari, kando ya mto unaounganisha maziwa makuu ya Amerika, na Chicago, jirani yake mkubwa wa upande wa magharibi, hali yake ni hiyo hiyo. Miji hiyo haikutajirika kwa kuwa na pwani ya bahari. Ilitajirika kwa kuwa katikati, mahali reli zinapokutana, na nafaka na mifugo na chuma vikabadilishana mikono. Kwa ukubwa hapana kulinganisha, lakini kwa maumbile ya kazi Kilosa ni wa ukoo huo: mji wa bara, karibu kilomita 300 za reli kutoka bandarini, ulioishi kwa pamba na mkonge vishukavyo na nguo na mabati vipandavyo, na baadaye, tawi la reli lilipotolewa kwenda Mikumi na kuendelezwa hadi Kidatu katika miaka ya 1960, ukawa njia panda ya sukari ya Kilombero. Mwenyeji wa Kilosa akisimuliwa habari za Chicago huelewa upesi, maana yeye mwenyewe amelala na kuamka kwa mlio wa mabehewa.

Ng'ambo ya mto wa Detroit, upande wa Kanada, ilisimama kampuni ya Ford ya Kanada, iliyoundwa mwaka 1904, nayo ndiyo iliyokuwa na haki ya kuuza Ford katika nchi za milki ya Waingereza isipokuwa Uingereza yenyewe. Aghalabu motokaa haikusafirishwa ikiwa nzima, kwa sababu nauli ya melini hupimwa kwa nafasi, na motokaa nzima hujaa hewa tupu ambayo mwenye kuilipia hupata hasara. Basi ilifunguliwa, magurudumu kando, bodi kando, injini imefungwa barabara isitikisike, yote yakatiwa katika makasha ya mbao na kupigiliwa misumari. Makasha yakapanda reli hadi bandari za bahari ya Atlantiki, yakaingia melini, yakazunguka kwa Suez au kwa Rasi ya Tumaini Jema. Ilipofika Dar es Salaam meli haikusogea ufukoni, kwa kuwa gati za kina kirefu hazikufunguliwa hadi mwaka 1956. Ilitia nanga katikati ya bandari, winchi ikateremsha shehena katika matishari, na matishari yakavutwa hadi forodhani, ambako karani alizilinganisha hati za shehena na makasha yenyewe, ushuru ukalipwa, na mabehewa yakapokea.

Gari lililokwisha kuunganishwa lilisafiri juu ya behewa la wazi, nalo kulipakua katika stesheni ya bara lilikuwa ni darasa la peke yake. Behewa lilisogezwa kwenye genge la kupakulia, mbao mbili nene zikawekwa kati ya sakafu ya behewa na udongo uliosakafiwa, na kabla ya kufungua mnyororo wowote kabari zikatazamwa moja moja chini ya kila gurudumu, maana kabari ikitolewa kabla ya wakati, gari huanza safari yake bila dereva. Mtu mmoja akakaa kwenye usukani, mwingine akasimama mbele yake akirudi kinyumenyume huku akimwonyesha kwa mikono kulia au kushoto, na vibarua wakaishika kamba nyuma, wameegemea visigino, wakiachia shubiri kwa shubiri kwa wimbo wao wa kazi. Gurudumu la mbele likagusa ubao, ubao ukapinda, watu wote wakanyamaza; gurudumu likagusa ardhi, na sauti zikarudi. Gari la maelfu ya maili, lililobebwa na meli na tishari na treni, hatua zake za mwisho lilibebwa na kamba iliyo mikononi mwa watu walioajiriwa kwa siku.

Mwaka 1947 bonde hili lilitiwa katika jaribio kubwa kupita yote. Serikali ya Uingereza iliazimia kulima karanga huko Kongwa, ng'ambo ya milima yetu, kwa mashine ambazo nchi haikupata kuziona mfano wake. Matingatinga mengi yalikuwa ya Caterpillar, kampuni ya Peoria katika jimbo la Illinois, mji ulio mwendo wa saa chache kutoka Chicago. Mengine hayakutoka kiwandani moja kwa moja bali yalikuwa masalio ya Vita Vikuu vya pili yaliyonunuliwa Ufilipino, na mengi ya hayo yalifika yamechakaa. Bandari ikajaa, reli ikaelemewa, nao mto Kinyasungwe, ambao maji yake ndiyo yanayoshuka kuwa Mkondoa, ukafurika ghafula ukaichukua njia ya reli, hata mashine zenye nguvu ya kung'oa mbuyu zikawa hazina nguvu ya kufika mahali pa mbuyu. Mradi ulitupwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Sababu za kuanguka kwake ni nyingi, mvua haba na udongo mgumu ni miongoni mwake, lakini ya kwanza kwa mpangilio wa siku ilikuwa hii: waliopanga walilihesabia tingatinga kazi litakayofanya shambani, wasihesabu kazi ya kulifikisha shambani. Kosa hilo ndilo lile la mkokoteni wa mwaka 1871, limerudiwa kwa mizani kubwa zaidi, na safari hii hapakuwa na mpagazi wa kuunyanyua mzigo kichwani na kuwaonyesha wakubwa ukweli kwa macho yao.

Katika miaka ya mwanzo ya 1950 barabara ya kutoka Morogoro kwenda Iringa ilipitishwa Mikumi, na magari yakaanza kuiacha reli. Barabara hiyo hiyo ilipozindua pori, wawindaji nao wakaingia, na ili kuwahifadhi wanyama Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ikaundwa mwaka 1964. Ndiyo maana hata leo dereva wa lori hupita kilomita 50 hivi za barabara kuu akiwa kati ya nyati na twiga. Mwezi Novemba mwaka 1965 walowezi wa Rodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ikakatiwa njia zake za kusini, na mapipa ya mafuta yakaanza kupandishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kwa Mikumi na Iringa, katika barabara ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya udongo, yenye vumbi la kupofusha kiangazi na utelezi wa kuua masika. Madereva wa kigeni waliiita njia ya jehanamu. Waliofia njiani huko ni sehemu ya bei tuliyolipa kwa ajili ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, na kizazi hiki kinapopita kwa basi katika lami laini hakina budi kuwakumbuka.

Kisha reli ya TAZARA ya kwenda Zambia ikajengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, urefu wake kilomita 1,860, ikakaribiana na reli ya kati huko Kidatu, mwisho wa tawi litokalo Kilosa. Zilikaribiana, zisioane. Upana wa reli ya kati ni milimita 1,000, wa TAZARA ni 1,067, na kwa ajili ya tofauti ya upana wa vidole vichache vya mkono, kila shehena iliyotaka kuvuka haikuwa na budi kuteremshwa katika behewa moja na kupandishwa katika lingine. Hapo tena, katika wilaya jirani na enzi ya injini za dizeli, mzigo ukamrudia mchukuzi.

Tangu katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipofunguliwa, magari yaliyotumika yakaanza kuingia kwa wingi, na mengi yakatoka Japani, ambako usukani huwa upande wa kulia kama kwetu. Hata hivyo Detroit na Chicago hazikukatika na sisi. Wapo Watanzania waishio katika miji hiyo ya katikati ya Marekani, na mmoja wao akitaka kuwapelekea ndugu zake gari, safari yake kimsingi ni ile ile ya mababu: gari hufungwa ndani ya kontena kwa mikanda na kabari, kontena hupanda treni hadi pwani ya mashariki ya Marekani, huvuka bahari, hufunguliwa mbele ya wakaguzi wa forodha Dar es Salaam, na mwenye kulipokea hutoka Kilosa kwa basi akiwa na hati mkononi na wasiwasi moyoni. Tangu mwaka 1959, njia ya maji ya mto St. Lawrence ilipofunguliwa, meli za baharini zimeweza kupanda hadi Chicago yenyewe, kwa hiyo mji ule wa bara umejipatia pwani kwa juhudi. Sisi nasi tunaifuata bahari kwa chuma.

Na chuma hicho kimepata mwenzake. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010 yaliing'oa reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe, safari zikasimama, na Mkondoa ukathibitisha kuwa haujaacha kutoza. Leo reli mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, inaipita milima ya Kilosa kwa madaraja marefu na mahandaki. Treni zake nyingi ziliundwa Korea ya Kusini, zikaja melini, zikanyanyuliwa kwa winchi bandarini kama makasha ya Ford. Nazo pia zilikuwa shehena kabla ya kuwa treni. Ukishuka chini ya madaraja hayo, katika vijia vya Munisagara na vijiji vya mlimani ambako wala treni ya zamani wala mpya haifiki, utakuta pikipiki ya bodaboda iliyofika nchini imefungwa ndani ya kasha, na siku za mvua, penye kijito kilichojaa, utamwona dereva wake na vijana wawili wameipitisha mti katikati, wameinyanyua mabegani, wanaivusha.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Historia ya magari imeandikwa na waliokaa ndani yake, kwa hiyo uzito wa gari umeonekana mwepesi kama usufi. Lakini gari la kijijini kwetu likiharibika leo, fundi wa Kilosa hukitazama kifaa kilichokufa, hupiga simu Dar es Salaam, na kesho yake kipuri hufika kwa basi ndani ya boksi lililoandikwa kwa kalamu mahali kilikonunuliwa: Kariakoo. Soko hilo ndilo aendako kila mwenye gari nchini atafutapo bolti au beringi, na jina lake limetokana na jeshi la wachukuzi, Carrier Corps, waliopigishwa kambi mahali hapo siku za Vita Vikuu vya kwanza, watu waliobeba risasi na unga na injini zilizofunguliwa vipande, kupanda na kushuka njia hizi zetu. Fundi huichana ile karatasi, hulitupa boksi, hukifunga kifaa mahali pake, na gari huwaka.